Namna ya Kumpata Msahihishaji Mwema wa Hadithi

Katika vijiji vinavyouzunguka mlima Kasigau, katika Kaunti ya Taita Taveta, wako watu waandikao hadithi. Huenda jambo hili likamshangaza mtu wa mjini, ambaye akilisikia jina la Makwasinyi hukumbuka ukame, ndovu waingiao mashambani, na vikapu vya katani visukwavyo na akina mama. Lakini hadithi haihitaji mvua nyingi. Yahitaji daftari, kalamu, na jioni tulivu baada ya kazi. Na vitu hivyo hupatikana Makwasinyi kama vipatikanavyo Nairobi.

Kisichopatikana kwa urahisi ni mtu wa kuisoma hadithi hiyo kabla haijakwenda mbali. Mwandishi amekwisha kulijaza daftari la tatu; jirani amesomewa sehemu moja, akacheka, akasema ni nzuri sana; kisha daftari linawekwa sandukuni pamoja na vyeti vya ubatizo na stakabadhi za karo, na safari yake inakoma hapo. Makala haya yaeleza kazi ya msahihishaji wa hadithi, na jinsi mtu asiye na fedha za kumlipa awezavyo kumpata aliye mwema.

Zamani palikuwa na mlango mmoja uliojulikana. Mwaka 1948 serikali za Afrika ya Mashariki zilianzisha ofisi iliyoitwa East African Literature Bureau, makao yake yakiwa Nairobi, chini ya Bw. Charles Richards. Ofisi hiyo haikushughulika na kupiga vitabu chapa tu. Ilipokea pia maandishi ya watu wasiojulikana na kuwapa waandishi mashauri. Ilifanya mashindano vile vile. Katika mashindano ya hadithi za Kiswahili ya mwaka 1957–58 mshindi wa kwanza alikuwa Bw. Muhammed Said Abdulla wa Unguja, na hadithi yake, Mzimu wa Watu wa Kale, ilitolewa kuwa kitabu mwaka 1960. Upande wa lugha ilikuwako Kamati ya Lugha, iliyoanza kazi mwaka 1930, ambayo ilivikagua vitabu vya Kiswahili na kuvitia kibali chake.

Mlango huo ulifungwa. Ofisi ile ilikwisha Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, na katika Kenya kazi yake ikarithiwa na Kenya Literature Bureau, ambayo inajulikana zaidi kwa vitabu vya shule. Wachapishaji wa siku hizi wanao wahariri wao walipwao mshahara, lakini mhariri wa namna hiyo hushughulika na muswada uliokwisha kukubaliwa. Hana nafasi ya kumfundisha kila mtu aletaye daftari. Na mtu akitaka kumwajiri mhariri wake mwenyewe, kitabu kizima chaweza kumla mkulima mapato ya msimu. Basi kwa mwandishi wa kijijini njia iliyobaki ni kumwomba mtu amsomee kwa hiari yake.

Mtu asidhani kwamba njia hiyo ni ya kimaskini. Bw. Chinua Achebe wa Nigeria alipokuwa London mwaka 1956 kwa mafunzo ya utangazaji katika BBC, alimpa mmoja wa walimu wake, Bw. Gilbert Phelps, muswada wa hadithi yake ya kwanza ausome. Bw. Phelps hakuwa mwajiriwa wake, wala hakuwa na deni kwake. Aliusoma, akaupenda, akataka kuupeleka kwa wachapishaji mara moja. Bw. Achebe alimwomba amngojee kidogo, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa ameona kwamba hadithi imebeba mambo mengi mno: ilikuwa ikieleza habari za vizazi kadhaa katika kitabu kimoja. Akarudi kwao, akaikata, akabaki na habari za mtu mmoja, Okonkwo. Hicho ndicho kitabu kiitwacho Things Fall Apart, kilichotoka mwaka 1958 na kusomwa duniani kote. Sehemu aliyoiondoa haikupotea. Kutokana na fikira ile alifanya kitabu kingine kilichotoka mwaka 1960.

Miaka michache baadaye zamu ya kusoma ikawa yake. Mwezi wa Juni 1962 waandishi wa Afrika walikutana katika chuo cha Makerere, Uganda, na mwanafunzi mmoja kutoka Kenya, aliyeitwa wakati ule James Ngugi, akamwendea Bw. Achebe na muswada mkononi. Bw. Achebe aliusoma, akampa mawaidha yake, akausogeza mbele kwa wachapishaji wake. Ulitoka mwaka 1964 kwa jina la Weep Not, Child, na mwanafunzi huyo ndiye Bw. Ngũgĩ wa Thiong'o. Bw. Achebe aliendelea kuwa mhariri wa mfululizo ule wa vitabu vya waandishi wa Afrika kwa miaka 10 hivi, bila kupokea mshahara kwa kazi hiyo.

Watu wengi hufikiri kwamba msahihishaji ni mtu wa kutafuta herufi zilizoachwa na nukta zilizosahauliwa. Kazi hiyo ni ya lazima, lakini ni ya mwisho, na siku hizi hata simu ya mkononi huweza kusaidia kidogo kuifanya. Kazi ya kwanza ni nyingine kabisa, nayo haielezeki vizuri bila mfano.

Mwaka 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, serikali ya Waingereza iliwahamisha watu wa Kasigau, ikiwashuku kuwa wamewasaidia Wajerumani waliokuja kutoka upande wa pili wa mpaka. Walipelekwa Malindi, nchi ya joto na homa ambayo hawakuizoea, na wengi walikufa. Waliosalia hawakurudi kukaa mlimani kwao mpaka katika miaka ya 1930. Watu wazima walioyaona mambo hayo kwa macho yao hawapo tena. Kilichobaki ni maneno waliyowaachia wajukuu. Mathalani binti mmoja wa Makwasinyi ameamua kuandika hadithi ya kubuni juu ya mwanamke aliyechukuliwa akiwa mtoto wa mgongoni na kurudi akiwa mama wa watoto wawili. Ameimaliza. Sasa awape wasomaji watatu.

Msomaji wa kwanza ni mtu msomi, mwenye kalamu nyekundu. Anairudisha hadithi baada ya juma moja, kila ukurasa umejaa damu. Tahajia imenyoka. Lakini mahali palipoandikwa kwamba bibi alipika kimanga, yeye ameandika kwamba bibi aliandaa chakula. Na mahali palipotajwa fighi, yeye ameandika mahali pa ibada. Yule bibi, ambaye katika daftari alisema kwa maneno machache makali, sasa anasema kama karani aandikaye barua kwa mkuu wake. Halikubaki kosa hata moja, wala haikubaki sauti ya mtu hata mmoja. Binti akiipokea hadithi hiyo atadhani kwamba hajui kuandika, na yamkini ataacha.

Msomaji wa pili ni binamu yake. Anasema, ‘Nzuri sana, dada, endelea.’ Akiulizwa kilichompendeza, anasema ni yote. Huyu hana ubaya, na kila mwandishi anamhitaji mtu wa kumtia moyo. Lakini hadithi imerudi kama ilivyokwenda.

Msomaji wa tatu ameandika machache kwa penseli, pembeni. Ukurasa wa 12: mtoto ameitwa kwa jina jingine kuliko lile la mwanzo. Ukurasa wa 19: mahindi yanavunwa mwezi wa Novemba, na huo ni mwezi ambao watu wa Kasigau wanangojea mvua ya vuli wapande. Kutoka ukurasa wa 23 hadi wa 27: hapa nilichoka, kwa kuwa maelezo ya safari ni marefu na hakuna mtu anayesema neno. Ukurasa wa 40: mama huyu amekaa Malindi miaka yote hiyo, mbona hajamwuliza mtu ye yote kama atarudi kwao? Na hapo amenyamaza. Hakuandika jibu. Binti anaposoma swali lile la mwisho anakaa kitako, kwa maana anatambua kwamba bibi yake alikuwa akiuliza jambo hilo kila siku, na kwamba hadithi nzima imelisahau.

Huyo wa tatu ndiye msahihishaji mwema. Ameisoma mpaka mwisho. Ameonyesha mahali imani yake ilipokatika. Na kalamu ameiacha mkononi mwa mwenyewe. Elimu kubwa si sharti. Huenda akawa ni mwalimu, na huenda akawa ni dereva wa matatu ya Voi ambaye hupenda kusoma akingojea abiria.

Jambo la lugha lastahili neno moja zaidi, kwa sababu limewaumiza waandishi wengi. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa uliamua kwamba Kiswahili cha Unguja ndicho kitakachokuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na tangu hapo watu wa Mvita na Lamu wamenung'unika mara nyingi kwamba maneno yao mazuri yalisahihishwa kana kwamba ni makosa. Kwa Mtaita jambo hili ni gumu zaidi, maana Kiswahili kwake ni lugha ya pili, na aandikapo humwingia maneno ya nyumbani. Shauri lililo bora ni hili: masimulizi ya mwandishi mwenyewe yawe katika Kiswahili sanifu, apate kueleweka Kigoma na Lamu sawasawa, bali watu wa ndani ya hadithi waachwe waseme kama wasemavyo. Neno kimanga halihitaji kufutwa. Msomaji akiambiwa kwamba bibi aliponda mihogo na maharagwe pamoja, amekwisha kujua kimanga ni nini, na hatalisahau.

Kwa sababu hiyo yafaa kuwa na wasomaji wawili, kama wanapatikana: mmoja wa karibu na mmoja wa mbali. Wa karibu atajua ni mwezi gani mahindi hupandwa na ni nani humwamkia nani kwanza. Wa mbali, mtu wa Kisumu au Tanga, hatajua lo lote katika hayo, na ujinga wake huo ndio faida yake. Atauliza maswali ambayo jirani hawezi kuyauliza kwa kuwa majibu anayo tayari.

Wapatikane wapi? Mwalimu aliyestaafu hutajwa kwanza, na ni kweli kwamba ana wakati na ana mazoea ya kusoma kazi za watu. Ila aombwe mapema aiache kalamu nyekundu nyumbani. Wako makatekista na wazee wa kanisa, wauguzi wa zahanati, makarani, na wanafunzi wa vyuo warudio nyumbani wakati wa likizo. Usiwasahau watu wasiojua kusoma. Mzee akisomewa hadithi kwa sauti husinzia pale inapochosha na kuinua kichwa pale inaposema uwongo, na hakuna dalili iliyo ya kweli kuliko hiyo. Kwa habari za mwaka 1915, mzee aliyesimuliwa na mama yake ni msahihishaji ambaye Nairobi hawezi kupatikana. Na pengine msahihishaji aliye bora ni mwandishi mwingine, wa Rukanga au Bungule, ambaye naye ana daftari lake sandukuni. Hao wawili waweza kubadilishana, ukurasa kwa ukurasa, na pasiwe na mwenye deni.

Kuomba nako kuna adabu yake. Watu wengi hunyimwa si kwa sababu ya uchoyo wa anayeombwa, bali kwa sababu ombi ni kubwa mno na halina mpaka. Kumpelekea mtu madaftari matatu yaliyoandikwa kwa mwandiko mbaya, na kumwambia ‘Nisahihishie,’ ni kumtwika mzigo asioujua uzito wake. Barua ya namna hii yatosha:

‘Mwalimu, shikamoo. Nimeandika hadithi ya kubuni yenye kurasa 84, juu ya jamaa moja ya Kasigau iliyohamishwa mwaka 1915. Naomba, ukipata nafasi, unisomee kurasa 10 za kwanza nilizozinakili hapa. Tahajia nitaiangalia mwenyewe baadaye. Ninayotaka kujua ni haya: ni wapi ulipochoka; ni wapi usipoelewa; ni mtu gani usiyemwamini; na ni jambo gani ulilotaka kuambiwa zaidi. Tafadhali andika pembeni kwa penseli. Nitapita kuzichukua Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Na kama huna nafasi, nitashukuru ukinieleza, wala sitaona vibaya.’

Kurasa 10 ni kipimo cha pande zote mbili. Mwombwaji ataona kama hadithi yamvuta. Na mwandishi ataona ameombwa mtu wa namna gani. Kurasa zikirudi siku iliyopatanwa, na maneno yaliyoandikwa pembeni yakimfanya atake kuketi na kuandika upya, ampelekee zilizobaki. Zikirudi zimeandikwa upya na mkono mwingine, ashukuru na kunyamaza. Zisiporudi kwa miezi mitatu, asimfuate mtu huyo kwa maneno. Kujitolea si kandarasi. Ikiwa maandishi yanatakiwa mahali fulani kwa siku maalum, kama vile Tuzo ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, ambayo imekuwa ikipokea hata miswada isiyopata kuchapishwa, basi msahihishaji apewe mwezi mzima kabla ya siku hiyo, na mwandishi ajiachie majuma mengine ya kutengeneza.

Baada ya hapo huja sehemu ngumu, nayo ni ya mwandishi peke yake. Kusahihishwa kunauma. Desturi nzuri ni kuyasoma maoni mara moja, kuyaweka kando siku tatu, ndipo kuyarudia. Asibishane na msomaji kwa kumweleza alichokusudia, maana msomaji wa kitabu hatakuwa na mwandishi kando yake wa kumweleza. Hata hivyo si lazima akubali kila neno. Msomaji akisema ‘Hapa nilichoka,’ ni sahihi siku zote, kwa kuwa yeye ndiye aliyechoka. Lakini akisema ‘Mwoze huyu binti kwa yule askari,’ hilo ni shauri tu, na laweza kuachwa. Wasomaji wawili wasiojuana wakigusa mahali pamoja, hapo pana kasoro bila shaka.

Yako pia mambo mawili ya tahadhari. La kwanza ni nakala. Bw. Achebe aliutuma muswada wake London kwa posta ukapigwe taipu, nao ulikuwa ndio nakala pekee aliyokuwa nayo, imeandikwa kwa mkono. Miezi ilipita bila jibu. Haukuokoka mpaka bibi mmoja wa Kiingereza, mkubwa wake kazini, alipokwenda likizo Uingereza na kuingia katika ofisi ile kuuliza. Leo mtu aweza kupiga picha kila ukurasa wa daftari kwa simu kabla ya kulitoa mkononi, na kazi hiyo haichukui hata saa moja. Asiye na simu amwombe mwenye nayo.

La pili ni haki. Kwa sheria ya Kenya ya mwaka 2001 haki miliki ya hadithi ni ya mwandishi tangu ilipoandikwa, hata kama hajaiandikisha po pote, nayo hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kusahihisha hakumpi mtu sehemu ya haki hiyo, wala haki hiyo haihamishwi kwa maneno ya mdomo. Sharti pawe na maandishi. Basi akitokea mtu asemaye kwamba atasaidia bure, kisha katikati ya kazi akataka sahihi katika karatasi, au jina lake liwekwe juu ya jalada, au shilingi kadhaa za ‘gharama,’ mwandishi achukue kurasa zake aende nyumbani. Kwa kawaida mtu wa namna hiyo hujionyesha mapema, kwa kusifu sana kurasa ambazo hajazisoma.

Msahihishaji mwema haombi kitu, lakini haifai kumwacha mikono mitupu. Asiyeweza kumpa kuku aweza kumsomea naye barua zake, au kumnakilia hesabu za kikundi chake. Kitabu kikipigwa chapa apelekewe nakala, na jina lake litajwe katika ukurasa wa shukrani. Kwanza aulizwe kama apenda kutajwa, kwa maana wako wasiopenda, hasa hadithi inapogusa mambo ya ukoo. Akikubali, jina liandikwe kwa herufi zile zile azitumiazo yeye mwenyewe, na lisomwe mara mbili kabla ya kupelekwa kwa mpiga chapa.